Ndugu wa Karatasi

Sehemu ya Tisa

Simu ililia.

Naam, ililia! Uzi mwekundu wa rakhi ulikuwa umeshauzunguka mkono wa Mayur mara moja, ncha zote mbili zi vidoleni mwa Sapna, limebaki fundo tu. Ninyi mlioniandikia wiki nzima mkinilaani kwa kuwaacha hapo, poleni. Hata mimi sikulala vizuri.

Wasomaji wapya, shikeni haya upesi, maana leo tuna safari. Sapna na Mayur ni wachumba, na harusi yao ni Novemba hapa hapa Nakuru. Sapna alitaka kuwaandalia wageni jambo la kupendeza: ubao mkubwa wenye majina ya wazee wa pande zote mbili, tangu walipovuka bahari kutoka Gujarati, kule India. Akaandika Nairobi kuomba nakala za karatasi za zamani. Zikaja. Karatasi moja ya mwaka 1926 ikasema kwamba Lalji, baba wa babu yake Sapna, aliingia Kenya akiwa ndugu, baba mmoja mama mmoja, wa Valji mwenye duka la Elmenteita. Na Valji ni baba wa babu yake nani? Mayur!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa desturi ya watu wao, mkiwa damu moja upande wa baba, hata vizazi saba, ninyi ni kaka na dada. Hamwoani. Na leo, Jumanne ya mwezi mpevu wa Agosti, ni siku ya rakhi, siku ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi. Kanchan Foi, yaani shangazi Kanchan, dada wa baba yake Sapna, alikuwa amekata shauri: msichana amfunge kijana uzi mbele ya watu, uchumba ugeuke udugu, na midomo ya mji ikose la kutafuna. Fundo hilo likishakazwa, halifunguliwi na mtu.

"Usiishike hiyo simu," alisema Kanchan Foi.

Sapna aliipokea hata hivyo. Mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hiyo Mayur aliichomoa kwenye mkoba wa Sapna kwa mkono wake wa pili na kumbandika sikioni.

"Sapna, niaje! Ni Chepchirchir wa Kariandusi, yule wa tiketi pale kwa mawe ya kale. Unakumbuka uliniuliza kama kuna mtu bado anajua duka ya Valji?"

"Chepchirchir, niko kwa shughuli kidogo."

"Nimempata! Kumbe ni gogo yangu mwenyewe, mama ya mama yangu. Miaka tisini na tatu, na akili iko sharp kama wembe. Alikuwa anapeleka maziwa kwa hiyo duka akiwa msichana. Nimemuuliza kuhusu Valji na ndugu yake, akacheka mpaka akakohoa. Anasema Valji alikuja hii Kenya peke yake. Hakuna ndugu alimfuata!"

Uzi ukamponyoka Sapna.

"Nini?" Mayur aliuliza.

"Valji hakuwa na ndugu Kenya."

"Rudia."

"Hakuwa na ndugu! Kuna nyanya Kariandusi anajua kila kitu!"

Mayur aliruka juu. Alitaka kumbusu mtu, na kwa kuwa hangeweza kumbusu Sapna mbele ya wanawake thelathini wa jumuiya, akaibeba nazi iliyokuwa kwenye sinia la ibada akaibusu hiyo. Wanawake wakaguna. Wengine walicheka ndani ya mitandio yao.

Kanchan Foi hakucheka. Msidhani ni mtu mbaya. Ni mwanamke mfupi, mnene kwa heshima zake, aliyemlea Sapna tangu mama yake alipofariki msichana akiwa na miaka mitatu. Alimpenda kuliko macho yake mawili. Ila alikuwa na hofu ya Mungu, na baada ya Mungu aliogopa maneno ya watu, na tofauti ya hofu hizo mbili ilikuwa ndogo.

"Jua linatua saa kumi na mbili unusu," alisema, akitazama saa. "Sasa ni saa tisa. Twendeni huko."

"Foi, unakuja?"

"Nakuja, na hili sinia linakuja. Bibi huyo akithibitisha anayosema, nitakuomba msamaha. Akibabaika, unamfunga Mayur uzi huko huko, jua likiwa bado juu."

Kirit, baba yake Sapna, alifungua mdomo aseme neno.

"Wewe baki na wageni," dada yake alimwambia.

Akaufunga.

* * *

Walipanda pikapu ya Mayur, ile ya duka la vipuri. Kanchan Foi alikaa katikati. Alikaa hapo kwa makusudi, sinia magotini lenye unga mwekundu, mchele, kitaa cha samli, nazi iliyobusiwa, barfi kumi na mbili, vile vitamutamu vya maziwa, na huo uzi. Wachumba walilazimika kuzungumza juu ya kichwa chake.

Sapna alikuwa na moyo mwepesi hata akaona aibu. Siku nne alikuwa hali chakula. Alimpenda Mayur, hakuna haja ya kuzunguka mbuyu. Alipenda anavyocheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Hakuweza kujiwazia akimwita kaka maisha yake yote, akimwona akioa msichana mwingine, yeye akiwa ndiye wa kushika taa harusini.

"Tukishinda," Mayur alisema, "mtoto wetu wa kwanza tunamwita Kariandusi."

"Mayur!"

"Kari, kwa kifupi."

"Mtoto hupewa jina na foi," Kanchan alisema, macho barabarani. "Na foi wa mtoto huyo hajajulikana, kwa sababu mtoto mwenyewe hajajulikana. Endesha gari."

Pale Lanet gari likasimama. Mwaka wa uchaguzi, ndugu zangu, mnajua wenyewe. Mgombea udiwani mmoja alikuwa ameziba barabara kwa lori la muziki, vijana wanacheza juu ya boneti za magari ya watu, na mama mmoja akapitisha mkono dirishani akamvika Kanchan Foi kofia ya chama.

"Mathe, kura yako iko wapi?"

"Nipishe nikuambie," Kanchan Foi alijibu.

Watu walishangilia wakidhani ni ahadi. Njia ikafunguka. Kwa vile jua la saa kumi lilimchoma kisogoni, kofia hakuivua.

Mbele kidogo ya Mbaruk wakakuta njia ya mchepuko, barabara inatengenezwa, lori mbele, lori nyuma, vumbi katikati. Sapna aliangalia saa. Saa kumi na dakika ishirini. Kanchan Foi aliangalia jua. Mayur alipanda kwa ukingo, akayapita malori manne kwa mkupuo huku nazi ikiviringika miguuni mwao, na kwa mara ya kwanza siku hiyo shangazi alipiga ukelele uliofanana na furaha.

* * *

Nyumba ya Gogo Tapsubei iko nyuma ya machimbo ya udongo mweupe. Kila kitu hapo ni cheupe: mabati, ua, majani ya migomba, mpaka kuku. Chepchirchir aliwapokea langoni akiwa bado na sare yake ya kazi.

"Karibuni! Gogo, hawa ndio wale watoto wa kina Valji na Lalji niliokuambia!"

Bikizee alikuwa mlangoni akichagua maharagwe. Mdogo, mweusi, masikio yametobolewa kwa namna ya zamani. Aliinua macho akawatazama watatu hao wanavyoshuka. Kwanza alimtazama Kanchan na kofia yake.

"Na huyu anagombea kiti gani?"

Kisha akamtazama Mayur. Maharagwe yakamwagika. Alinyoosha mikono yote miwili, akamvuta kijana akamkalisha ubavuni kwake na kuushika mkono wake, na mkono huo hakuuachia tena. Sapna aliona ni kawaida. Bibi wa zamani, alijiambia, atamkaribisha mwanamume kwanza.

"Bibi," Kanchan Foi alianza kwa Kiswahili cha polepole, kama anayezungumza na kiziwi, "sisi nataka kujua jambo moja tu."

"Kem chho, dikri?" Gogo alisema. "Mzima, binti? Na mbona umekuja na barfi ukazifunika? Kwenu huwa mnamsalimu mkubwa kwa mkono mtupu?"

Kigujarati! Kigujarati safi, cha vijijini, cha miaka themanini iliyopita, chenye maneno ambayo Kanchan Foi aliyasikia mara ya mwisho kwa nyanya yake. Nusura aangushe sinia.

"Wacha!" Chepchirchir alipiga kelele. "Gogo, hiyo ni Kihindi? Miaka ishirini na nane naishi na wewe, na unaongea Kihindi?"

"Hukuniuliza," Gogo alimjibu.

Basi kuanzia hapo yote yalisemwa kwa Kigujarati, nami nawatafsiria, na Sapna akawa anamtafsiria Chepchirchir kwa kunong'ona.

Gogo alinyooshea kidole barfi. Alieleza kwamba hajaonja kitu hicho tangu duka la Valji lifungwe, na kwamba kumbukumbu zake ziko nyuma ya hizo barfi, zikitoka barfi na kumbukumbu zitatoka.

"Hizi ni za ibada," alisema Kanchan Foi.

"Basi kumbukumbu zangu ni za kanisa. Zitatoka Jumapili."

Kanchan Foi akafunua sinia.

Gogo alichukua moja, akaikata nusu, nusu akaitia kinywani mwa Mayur na nusu kinywani mwake, akafumba macho. Walimsubiri. Alitafuna kwa ufizi mpaka ikaisha yote.

"Uliza."

"Serikali iliandika mwaka ishirini na sita," Kanchan Foi alisema, "kwamba Lalji na Valji walikuwa ndugu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Sapna alishika ukuta na kiganja kikatoka cheupe. Mayur alijaribu kusimama lakini bibi alikuwa amemshika. Kanchan Foi hakushangilia, mumpe haki yake. Aliinua ule uzi, na machozi yalikuwa yameshamjaa machoni.

"Njoo, mwanangu," alimwambia Sapna.

"Walikuwa ndugu wa karatasi," Gogo aliendelea, akichukua barfi ya pili. "Mbona mna haraka? Mtu hajameza."

"Ndugu wa nini?"

"Wa karatasi! Ninyi hamjui mambo ya wazee wenu?" Alicheka mpaka Chepchirchir akampiga mgongoni. "Valji alikuwa na ndugu kweli, kule kwao. Akamwombea ruhusa ya kuja, akaapa mbele ya mzungu kwamba ni ndugu yake, karatasi ikatumwa. Siku ya treni kufika, Valji alivaa koti jeupe, akafunga taji la maua, akaja kituoni Elmenteita. Mimi nilikuwa pale na mtungi wangu wa maziwa. Akashuka kijana mwembamba na sanduku la bati. Valji analia, haoni vizuri. Akamvika maua, akamkumbatia, akamwita ndugu yangu, ndugu yangu! Halafu akarudi nyuma hatua moja akamwangalia."

"Enhe?"

"Akamuuliza, wewe ni nani? Kijana akasema, mimi ni ndugu yako, karatasi hii hapa. Valji akamwambia, ndugu yangu ana jicho moja!"

Mayur aliangua kicheko. Sapna naye, huku analia. Hata Kanchan Foi alijikuta meno nje.

"Yule ndugu wa kweli," Gogo alisema, "alifika bandarini kwao, akaiona bahari kwa hilo jicho lake moja, akageuka kwa mguu ule ule akarudi kwa mama yake. Karatasi akamwachia kijana aliyekuwa amesimama karibu. Kijana hana mbele wala nyuma, akapanda meli. Huyo ndiye Lalji. Jina lilikuwa la karatasi. Udugu ulikuwa wa karatasi."

"Na Valji hakumshtaki?"

"Amshtaki vipi? Ameapa kwa serikali kwamba ni ndugu yake! Alitukana kuanzia kituoni mpaka dukani. Kufika dukani akamkuta mteja mzungu, akasema, bwana, huyu ndugu yangu amefika. Ikawa ndiyo hivyo mpaka wote wawili wanakufa."

Mayur alinyanyua mkono wake ulio huru. "Foi, umesikia? Jicho moja!"

Kanchan Foi alikuwa ameshalikunja tabasamu lake. Alikaa juu ya kibao, akaliweka sinia chini.

"Bibi, usinikasirikie. Mtoto huyu nimemlea mimi. Wakioana na wakawa damu moja, dhambi ni yangu, si yao. Miaka themanini ni mingi, na hadithi tamu ni tamu. Karatasi ninayo. Wewe una nini?"

Hili, wasomaji, ndilo swali ambalo Sapna alikuwa akiliogopa tangu bibi aanze kusimulia. Jua lilikuwa limeshaanza kugusa vichwa vya vilima upande wa Nakuru.

"Leo ni siku gani kwenu?" Gogo alimuuliza.

"Siku ya rakhi."

"Wewe una kaka?"

"Wawili. Kirit yuko Nakuru. Mwingine yuko Uingereza, mji wa Leicester."

"Huyo wa Uingereza, mwaka huu umemtumia uzi?"

"Kila mwaka! Mwezi mzima kabla, ili usichelewe posta."

"Na Kirit?"

"Nimemfunga asubuhi. Bibi, dada gani anamfunga kaka mmoja akamwacha mwingine?"

"Sawa," Gogo alisema. "Valji alikuwa na dada kule kwao. Kila mwaka alituma bahasha. Mimi ndiye niliyekuwa naichukua kituoni nikirudi na mtungi mtupu, na Valji aliifungua mbele yangu kwa sababu alikuwa ananipa stempu. Miaka yote aliyokuwapo Lalji, binti yangu. Uzi ulikuwa mmoja. Lalji anakaa hapo hapo kaunta, anatazama. Uzi mmoja."

Kanchan Foi alifungua mdomo mara mbili na mara zote mbili akaufunga, kama kaka yake. Serikali inaweza kuandika chochote, bahari inaweza kuchanganya watu, lakini yeye alikuwa dada, na alijua hakuna dada chini ya jua ambaye angetuma uzi mmoja kwenye nyumba yenye kaka wawili. Hata kama wamegombana. Hasa kama wamegombana.

"Mmoja," alisema hatimaye.

"Mwaka wa kwanza Lalji alitoka nje akalia nyuma ya madebe ya mafuta ya taa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikamuuliza, akanieleza desturi yenu. Nikaona ni mambo rahisi. Nikang'oa shanga kwenye shingo yangu, nikazitunga kwa uzi wa katani, nikamfunga. Nikamwambia, usilie, mimi ndiye dada yako. Na tangu siku hiyo, hata alipohamia Nakuru, kila mwaka siku hii alikuja kwa treni. Mpaka alipokufa."

Sauti iliyosikika baadaye ilitoka kwa Kanchan Foi, na haikufanana na sauti yake.

"Shanga za buluu."

"Za buluu na nyeupe."

"Baba yangu alitusimulia. Babu Lalji hakuwa na dada, lakini kila siku ya rakhi alipanda treni asubuhi, na jioni akarudi na uzi wa shanga mkononi. Nyumba nzima haikujua nani anamfunga. Nyanya yangu alishuku mambo mengine kabisa, mpaka anaingia kaburini."

"Alikuwa nani?" Gogo aliuliza kwa furaha. "Alikuwa mimi!"

Hapo ndipo yalipolipuka. Kanchan Foi aliangua kilio na kicheko kwa pamoja, akamwangukia bikizee miguuni, akapaka unga mwekundu kwenye paji la kila uso uliokuwa karibu, wa Gogo, wa Sapna, wa Mayur, wa Chepchirchir aliyekuwa anauliza "sasa tumeshinda ama tumeshindwa?" na wa jogoo mweupe aliyepita vibaya.

"Nisamehe, mwanangu! Novemba utaolewa, na nitacheza mpaka nivunjike nyonga!"

Sapna alimkumbatia na kumwinua juu, kofia ya chama ikaruka. Alihisi kama ametuliwa gunia la mawe mgongoni. Alitaka kukimbia mpaka ziwani na kurudi. Mayur alimtazama kutoka ubavuni kwa Gogo, akamkonyeza, na Sapna hakuona haya hata kidogo, alimkonyeza naye mbele ya shangazi.

"Na ngoja," Gogo alisema, akimwelekezea Kanchan kidole chenye barfi. "Kama Lalji ni kaka yangu, na wewe ni mtoto wa mtoto wake, basi mimi ni nani wa baba yako?"

Kanchan Foi alihesabu kwa vidole. Dada ya babu... foi wa baba... Uso ulimwiva.

"Foi," alisema.

"Foi mkubwa. Kwa hiyo punguza kuamuru watu."

Sapna alicheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi jeupe. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa akingoja mtu wa kusema maneno hayo, na mtu huyo kumbe alikuwa Kariandusi akichagua maharagwe.

Alitoa daftari lake. Mambo yalikuwa yameisha, angeweza kunyamaza, wakaondoka. Lakini Sapna ni yule yule wa kuchimba, na ubao wake ulikuwa bado na pengo.

"Gogo, niandike yote vizuri. Kwa nini Lalji aliondoka Elmenteita?"

"Aa, hayo ni mambo ya watu wazima." Bibi alilamba vidole. Zilikuwa zimebaki barfi mbili. Alizitazama, akashindwa nguvu. "Mwaka ishirini na tisa, hiyo. Mwaka wa furaha! Valji alikuwa amekaa na mkewe miaka kumi na miwili bila mtoto. Kumi na miwili! Halafu huyo, mtoto wa kiume. Mama yangu ndiye alikuwa mkunga. Valji aligawa sukari guru kituo kizima, hata treni ilicheleweshwa watu wale. Na wiki ile ile Lalji akafunga sanduku lake la bati akahamia Nakuru. Valji hakumsindikiza."

"Waligombana?"

"Mimi nilikuwa mtoto. Lakini damu haipotei, hata uivushe bahari." Akaubusu mkono wa Mayur, ule aliokuwa ameushika tangu mwanzo. "Nilipomwona huyu anashuka garini nilimwaga maharagwe. Macho yale yale, mwendo ule ule. Mungu amenipa uzee mrefu nimwone kitukuu wa kaka yangu."

Mayur alicheka. "Gogo, umekosea kidogo. Wa Lalji ni huyu Sapna. Mimi ni wa Valji. Yule mtoto wa sukari guru ndiye babu yangu."

Gogo Tapsubei hakucheka. Alimgeuza Mayur uso kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka jua likamwangaza upande wa sikio. Mbele ya sikio, mahali ambapo hakuna mtu anayetobolewa hereni, palikuwa na kitundu kidogo cha kuzaliwa, kama kilichochomwa sindano. Sapna alikijua kitundu hicho. Alikuwa akimtania kwamba mbu alianza kuchimba kisima akakosa maji.

"Lalji alikuwa nacho," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Valji hakuwa nacho."

Sapna alimgeukia shangazi yake. Mkono wa Kanchan Foi ulikuwa unapanda wenyewe, polepole, mpaka mbele ya sikio lake la kulia. Ukakaa hapo ukifunika kitundu kama kile.

Gogo aliuachia mkono wa Mayur.

"Binti," alimuuliza Kanchan, akiutazama ule uzi mwekundu, "jua limeshatua?"

"Bado, Foi."